Adabu ya Ukingoni

Wapokezi wa Kiarabu wanasimulia kisa cha Ismail bin Hammad al-Jawhari, mwanachuoni aliyeishi Nishapur, katika nchi ya Waajemi, mwishoni mwa karne ya 10. Huyu ndiye mtunzi wa kamusi mashuhuri iitwayo al-Sihah, aliyoipanga kwa herufi ya mwisho ya mzizi wa neno. Mpango huo uliwafaa mno washairi, kwa kuwa mwenye kutafuta kina alikuta maneno yenye mwisho mmoja yamekaa pamoja kama waumini katika safu. Mtu huyu mwenye subira ya kupima kila neno inasemekana alipanda juu ya paa la msikiti, akajifunga mbawa za mbao, akawatangazia watu waliokusanyika chini kuwa atafanya jambo ambalo hakuna aliyemtangulia kulifanya. Aliruka, akaanguka, akafa. Mwaka wenyewe wapokezi hawakuafikiana. Wako wanaosema 1003, na wako wanaosogeza mbele miaka michache.

Waliokisimulia kisa hiki aghlabu walistaajabia akili iliyoruka kabla ya mwili. Walakini liko swali jingine ambalo hawakulijali sana. Paa lile lilikuwa la nani? Je, aliomba idhini kwa wenye kuutunza msikiti? Na wale waliokusanyika chini wakimtazama, hakuwamo hata mmoja aliyekuwa na wajibu wa kumwambia ateremke kwa ngazi aliyopandia? Maswali haya matatu, la idhini, la adabu na la wajibu wa mjuzi kwa asiyejua, hayakufa pamoja na al-Jawhari. Yapo hai leo, tena yanaulizwa kila siku na watu wanaosimama kwenye kingo za majabali na madaraja wakiwa na mwavuli mmoja tu mgongoni.

Mchezo wa watu hao huitwa BASE. Jina hilo limeundwa kwa herufi za mwanzo za maneno manne ya Kiingereza yenye maana ya jengo, mlingoti, daraja na ardhi, maana ya mwisho ikiwa ni genge au jabali. Aliyekwisha kuruka kutoka vitu vyote vinne huweza kuomba nambari yake katika orodha iliyoanza Januari 1981, Phil Smith na Phil Mayfield walipokamilisha mruko wao huko Houston, Marekani. Nyuma yao waliandikwa Jean Boenish na mumewe Carl, mpigaji filamu anayehesabiwa kuwa baba wa mchezo huu. Mwenye kuruka kutoka ndege huwa na mwavuli wa pili wa akiba, na huwa na dakika nzima ya kusahihisha kosa lake. Mrukaji wa BASE hana akiba wala hana dakika. Daraja la Perrine, katika mji wa Twin Falls, jimbo la Idaho, lina kimo cha mita 148 juu ya mto Snake. Mtu akiliachia asifungue mwavuli, huufikia mto kwa takriban sekunde sita. Katika muda huo msomaji hajamaliza hata ubeti mmoja wa tarbia.

Mwanagenzi anayeuingia mchezo huu, swali lake la kwanza ni lile lile la kila mgeni katika nchi ya watu: inaruhusiwa? Hulitamka kwa urahisi akitaraji ndiyo au la. Jibu analopewa na wakongwe humchosha, kwa sababu hupewa sheria za ardhi badala ya sheria ya kuruka. Aghlabu hakuna nchi iliyokaa ikatunga sheria ya kusema mwanadamu asijiachie hewani. Sheria zilizopo ni za pahala pa kusimama kabla ya kuruka, pahala pa kutua baada ya kuruka, mlango uliopitwa usiku bila ya ufunguo, na uzio uliorukwa njiani. Jengo ni mali ya mtu, mlingoti ni mali ya shirika, daraja ni la serikali. Anga iliyo katikati ndiyo peke yake isiyo na mwenyewe, na ndiyo anayoipitia kwa muda mchache kuliko yote.

Ndiyo maana tendo moja huwa halali hapa na haramu pale. Katika daraja la Perrine watu huruka mwaka mzima bila ya kibali, na mji umewazoea kama bandari inavyowazoea mabaharia. Katika daraja la New River Gorge, jimbo la West Virginia, lenye kimo cha mita 267, ruhusa hutolewa kwa siku moja tu kwa mwaka, Jumamosi ya tatu ya Oktoba. Siku hiyo barabara hufungwa na maelfu ya watu huja kutazama. Siku ya pili yake, aliyeshangiliwa jana akirudia tendo lile lile hukamatwa. Nchini Norway, ukuta wa jabali la Trollveggen umepigwa marufuku tangu 1986, na hali katika nchi hiyo hiyo jabali la Kjerag, lililopanda karibu mita 1,000 juu ya ghuba ya Lysefjord, liko wazi chini ya usimamizi wa klabu ya warukaji. Huko Kuala Lumpur, Felix Baumgartner aliruka mwaka 1999 kutoka minara ya Petronas baada ya kujipenyeza akiwa amevaa kama mfanyabiashara. Katika mji huo huo mnara wa mawasiliano umekuwa ukiwaalika warukaji wa mataifa waruke mchana mbele ya umati. Na Dubai, mwezi Januari 2010, Nasr Al Niyadi na Omar Al Hegelan waliruka kutoka Burj Khalifa kwa ridhaa ya wenyewe, siku chache tu baada ya jengo kuzinduliwa.

Kwa mtazamo wa haraka, mambo haya yanaonekana kuwa mchafukoge. Lakini mtu wa pwani hapaswi kushangaa. Bahari ni moja, na kila bandari ina ushuru wake. Jambo la kushughulisha akili ni jingine. Mahali ambapo sheria na mchezo vimegongana kwa muda mrefu, nani amemkosea mwenziwe?

Mfano uliochimbwa zaidi ni ule wa jabali la El Capitan, katika hifadhi ya taifa ya Yosemite, California. Mwaka 1966 Michael Pelkey na Brian Schubert waliruka hapo na miavuli ya duara ya zama zile. Wote wawili waliumia. Mwaka 1978 Carl Boenish aliwapeleka wenzake wakiwa na miavuli mipya ya umbo la bawa, inayoweza kuongozwa mbali na jabali, akawapiga filamu. Filamu zile ziliwasha moto. Mwaka 1980 wakuu wa hifadhi walikubali kujaribu kutoa vibali. Jaribio halikumaliza hata miezi mitatu. Wakuu walisema masharti yamevunjwa. Warukaji walisema hawakupewa nafasi ya haki. Tangu hapo hutumika kanuni ya hifadhi isiyoutaja mchezo huu kwa jina. Inakataza kumshusha au kumchukua mtu au kitu kwa mwavuli, kwa helikopta au kwa njia nyingine ya angani, isipokuwa kwa dharura au kwa kibali. Adhabu yake hufikia kifungo cha miezi sita na faini ya dola 5,000, na vifaa huweza kutwaliwa.

Mwaka 1999 kanuni hiyo ilipita katika mtihani mchungu. Mwezi Juni, Frank Gambalie aliruka kutoka El Capitan akatua salama kondeni. Askari wa hifadhi walimfukuza. Alijitosa katika mto Merced, uliokuwa umefura kwa theluji iliyoyeyuka, akazama. Mwili wake ulipatikana baada ya wiki kadhaa. Mwezi Oktoba mwaka huo huo warukaji watano walipanga kuruka mchana kweupe ili kuipinga kanuni na kuonyesha kwamba mchezo unaweza kufanywa kwa salama. Walipatana na wakuu wa hifadhi kwamba wakitua watajisalimisha na vifaa vyao vitatwaliwa. Watatu walitangulia wakatua. Wa nne alikuwa Jan Davis, mwanamke mzoefu. Kwa kuwa alijua atakachokivaa hakitarudi, aliuacha mwavuli wake akavaa wa kuazima, ambao mpangilio wake haukuwa ule uliozoeleka na mkono wake. Mwavuli haukufunguka. Mumewe alikuwa miongoni mwa waliokuwa chini, na kamera mkononi.

Wako waliosema kuwa sheria iliwaua watu hawa wawili. Wako waliosema kuwa walijiua wenyewe. Kauli zote mbili zinakimbilia mwisho wa hesabu kabla ya kuihesabu. Katika kisa cha Gambalie, kuruka hakukumdhuru. Kilichomuua ni kukimbia. Ni kweli pia kuwa hakuna aliyemlazimisha kukimbia, na kuwa faini, hata iwe kubwa, hulipika. Katika kisa cha Davis, sheria haikumpa mwavuli mbovu wala haikumsukuma ukingoni. Hata hivyo ilipanga mazingira ambamo mtu mwenye kifaa chake anachokijua alipata sababu ya kukiacha nyumbani. Sheria yenye busara hujiuliza imekataza nini, kisha hujiuliza pia watu watafanya nini wakiamua kuivunja. Na mtu mwenye busara naye, anapoamua kuivunja sheria kwa ajili ya hoja, hana budi kujua kuwa hoja ina bei, na kuwa bei hiyo asiilipe kwa kupunguza usalama wake. Davis alikuwa tayari kutoa uhuru wake kwa siku moja. Alichokionea uchungu ni kifaa, na katika kukihifadhi kifaa akapoteza kile ambacho kifaa kiliundwa kukihifadhi. Kusema hivi si kumlaumu marehemu. Ni kumwonyesha mwanagenzi kuwa swali la "inaruhusiwa?" linaingia mpaka ndani ya mikono yake na ndani ya mwavuli wake.

Hapa ndipo inapoingia sheria ya pili, isiyoandikwa. Warukaji wameishi kwa miongo wakiwa nusu ndani ya sheria na nusu nje yake, na jamii yoyote inayoishi hivyo hujitungia ada zake. Ada zao hazina kitabu kimoja wala hazina hakimu, lakini hutambulikana Idaho kama zinavyotambulikana Uswisi.

Ya kwanza ni kupiga hodi. Mgeni hafiki katika jabali la watu akaruka. Hutafuta kwanza warukaji wenyeji, akauliza upepo wa hapo una tabia gani, pahala pa kutua ni pa nani, saa gani haifai, na nani asiudhiwe. Mwenyeji naye ana wajibu wa kujibu kwa ukweli, hata kama jibu ni kwamba mgeni hajafikia kiwango cha jabali hilo.

Ya pili ni kutopachoma pahala. Wakisema pahala pameungua, maana yao ni kuwa mtu mmoja amefanya fedheha, mlango uliokuwa ukifumbiwa macho umetiwa kufuli, na wote waliokuwa wakipita kwa staha wamenyimwa. Samaki mmoja akioza huoza wote. Basi kuna miko: kufuli halivunjwi, kitu cha mtu hakichukuliwi, makelele hayapigwi usiku, takataka haziachwi juu ya paa, na jina la pahala pa siri halitangazwi. Juu ya mwiko huu wa mwisho watu wa pwani wana neno lao la kale, kuwa heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.

Ya tatu ni ya ajali. Mwenzako akiumia, humwachi. Hata kama kubaki kwako ni kukamatwa, unabaki, unaita waokoaji, unasema ukweli juu ya kilichotokea. Na akifa, jamaa zake hawapashwi habari na gazeti.

Ya nne ni ya kuteremka. Mtu aliyepanda saa tatu akafika ukingoni, akauona upepo umegeuka au moyo umegeuka, akarudi chini kwa miguu, hachekwi. Jabali litakuwapo kesho, ndivyo wanavyoambizana. Katika ada zote hii ndiyo iliyo ngumu kuliko zote, kwa kuwa inapingana na kila kilichomleta mtu pale.

Mwenye kuzitazama ada hizi kwa jicho la falsafa atauliza: je, hii ni maadili, au ni ujanja wa kundi kulinda maslahi yake? Hata wezi wana miiko yao. Mwizi hamwibii mwizi mwenziwe. Kundi linalosema usivunje kufuli ili tusifungiwe mlango, je, linamheshimu mwenye mlango, au linahifadhi njia ya kumwingilia kesho? Swali hili ni la haki, na halifai kujibiwa kwa jumla. Kila ada ipimwe kwa kuuliza inamfaa nani. Ile inayowafaa wanakundi peke yao ni mbinu tu. Adabu ni ile inayomfaa mtu wa nje, asiyeruka wala asiyetaka kuruka, hata pale inapowagharimu wanakundi.

Kwa mizani hiyo, bonde la Lauterbrunnen, nchini Uswisi, linafundisha zaidi kuliko mahakama. Ni bonde jembamba, kuta zake zimesimama wima pande zote mbili, na maporomoko ya maji yamening'inia. Goethe alifika huko mwaka 1779, na moja ya maporomoko hayo likamzalia shairi la kulinganisha roho ya mwanadamu na maji yashukayo na kupanda tena. Leo wanaoshuka ni watu. Kuruka huko ni halali. Lakini chini ya majabali yale mna makonde ya wakulima, na majani ya makonde hayo ndiyo chakula cha ng'ombe wakati wa baridi. Majani yaliyokanyagwa hayakatiki vyema. Basi mrukaji hutakiwa kununua kadi ya kutua, na fedha zake kuwafidia wakulima. Hutakiwa asitue penye majani marefu, na akitua asikatize katikati ya konde bali apite kandoni. Na kabla ya kuruka hupiga simu katika kituo cha helikopta, ili wanaoruka kwa mbawa za chuma na wanaoruka kwa mbawa za kitambaa wasikutane hewani.

Mambo haya ni madogo. Hayana ushujaa ndani yake. Mtu aliyevuka bahari ili ajiachie kutoka jabali la mita mia kadhaa anaambiwa ajali nyasi. Na hapo ndipo ilipo adabu yenyewe. Ujasiri wa kuruka mtu huuleta mwenyewe, lakini adabu huikuta pale, imewekwa na mtu mwingine, mwenye ng'ombe, ambaye hana haja na ujasiri wake. Aliyezoea Forodhani, Unguja, ameyaona haya kwa udogo wake jioni vijana wanaporuka makachu kutoka ukutani. Hakuna waraka unaomwambia kijana asijirushe kabla ya mwenziwe kuibuka, wala asiruke juu ya mashua ya mvuvi. Anayesahau hukumbushwa, na anayesahau mara mbili hutengwa. Adabu hutangulia sheria pale watu wanapoonana uso kwa uso. Sheria huja pale wasipoonana.

Iko hoja moja inayobaki, na ni nzito. Mrukaji husema: mwili ni wangu, hatari ni yangu, nani ana haki ya kunizuia? Hatari yenyewe inajulikana. Madaktari wa Norway walipochunguza mirukо ya Kjerag kwa miaka 11, kutoka 1995 hadi 2005, walihesabu mirukо 20,850 na vifo 9, yaani kifo kimoja kwa kila mirukо 2,300 na ushei. Warukaji wenyewe wana orodha ya waliokufa duniani kote, na majina yake yamepita 400. Hawaifichi, humwelekeza mwanagenzi akaisome kabla ya kununua mwavuli. Hakuna awezaye kusema kuwa amedanganywa.

Lakini hoja ya "mwili wangu" inakatika katika ncha mbili. Ncha ya kwanza ni waokoaji. Carl Boenish mwenyewe alikufa Julai 1984 katika jabali la Trollveggen, na marufuku ya 1986 ilitokana na taabu na hatari ya kuwaendea waliokwama au kufa katika ukuta ule. Mtu anayesema asiokolewe akiumia, anatoa ahadi ambayo si yake kuitoa, kwa sababu mwokoaji haendi kwa amri ya aliyeumia. Huenda kwa amri ya dhamiri yake. Hawezi kumsikia mtu akilia juu ya mwamba kisha akarudi kulala. Anayejitia hatarini, kwa hiyo, amewatia hatarini watu wema, na kadiri walivyo wema ndivyo anavyowatia zaidi. Ncha ya pili ni walio chini. Mwaka 2016 huko Chamonix, Ufaransa, mtu aliyeruka kwa vazi la mabawa aligonga nyumba akafa, na meya akapiga marufuku kwa muda ruko la mavazi hayo. Nyumba ile ingeweza kuwa na mtoto dirishani. Anga haina mwenyewe, lakini mwisho wa anga daima ni ardhi, na ardhi ina wenyewe.

Je, basi hoja imekufa? La. Imepungua tu ikabaki ukubwa wake wa haki. Mwili ni wa mtu kwa kiasi ambacho wengine hawatalipa. Palipo na klabu inayosimamia, kadi inayomfidia mkulima, simu inayopigwa kwa helikopta, na mtu aliyejiandaa kwa miaka, sehemu kubwa ya deni imekwisha kulipwa kabla ya mruko, na serikali inayokataza hapo ina kazi ya kueleza kwa nini. Palipo na mlango uliodanganywa na watu wasioulizwa, deni lote liko mbele.

Uongo una mahali pake katika hesabu hii. Tarehe 4 Februari 1912, mshonaji Franz Reichelt alipanda mnara wa Eiffel, Paris, akiwa na vazi la mwavuli alilolibuni. Polisi walikuwa wamempa ruhusa kwa kuwa aliwaambia atajaribu kwa sanamu. Alipofika juu ya sakafu ya kwanza, mita 57 kutoka chini, aliruka mwenyewe, akafa mbele ya kamera. Reichelt hakuvunja kufuli. Alikuwa na kibali mkononi. Kwa karatasi alikuwa halali hadi dakika ya mwisho. Lakini aliwafanya waliomwamini kuwa washiriki wa kifo chake bila ya ridhaa yao. Jan Davis aliivunja sheria akiitazama usoni, akiwa tayari kukamatwa. Ukiwaweka wawili hawa kwenye mizani, utaona kuwa uhalali na uaminifu si kitu kimoja, na kuwa adabu iko karibu zaidi na huu wa pili.

Inabaki habari ya mwanagenzi, ambaye kwa ajili yake maneno haya yote yamepangwa. Ada ya wakongwe inamtaka asije ukingoni kabla ya kuruka mara nyingi kutoka ndege, mara 200 ndiyo hesabu inayotajwa zaidi, mpaka mikono yake iuongoze mwavuli bila ya kufikiri. Inamtaka aanze kwa daraja, kwa kuwa chini ya daraja mna hewa tupu, na hali mwavuli ukifunguka vibaya kando ya jabali humgeuza mtu akalikabili jabali. Inamtaka ajifunze kuufunga mwavuli wake mwenyewe. Zaidi ya yote inamtaka awe na mwalimu, mtu wa kumtazama usoni na kumwambia la.

Mambo haya watu wa pwani hawahitaji kufasiriwa. Mwari ana somo wake, mwanagenzi ana fundi wake, na baharia mpya hashiki usukani mpaka nahodha aridhike. Kunga hufichwa kwa asiye tayari na hufunuliwa kwa aliye tayari, na aijuaye tofauti ya wawili hao ndiye mwalimu. Lakini kunga ina hatari yake. Siri inayolinda pahala huweza kumuua mtu. Mwanagenzi aliyefungiwa mlango na wakongwe harudi nyumbani. Hutazama picha za video, huona mtu akiruka akitabasamu, haoni siku elfu zilizotangulia tabasamu lile, kisha hununua mwavuli akaenda peke yake. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na ulimwengu wa ukingoni hufunza mara moja tu. Mkongwe anayekaa kimya kwa kuhofia pahala pasichomwe, na akajua kuwa kuna kijana anayejipanga kwenda kufa, amezilinda ada kwa kulipoteza jambo ambalo ada ziliwekwa kulilinda, kama Davis na mwavuli wake. Kwa hiyo, ada inapomtaka mwanagenzi apige hodi, inamtaka mwenyeji naye afungue. La sivyo haina haki ya kuitwa adabu.

Inasimuliwa kuwa siku chache baada ya Carl Boenish kufa, mkewe Jean alipanda jabali lile lile akaruka, akatua salama. Watu walilitafsiri tendo hilo kila mmoja kwa namna yake, wengine wakaliita mapenzi, wengine wazimu. Linaloweza kusemwa kwa hakika ni kuwa alikuwa mjuzi, alikijua kifaa chake, na wakati ule jabali lilikuwa bado halijakatazwa. Alitenda ndani ya sheria na ndani ya ada za wenziwe. Na hata hivyo swali halikwisha. Sheria humwambia mtu pahala anapoweza kusimama, na adabu humwambia namna ya kusimama. Kama aruke au asiruke, hakuna mojawapo inayomwambia.

Al-Jawhari hakuwa na mwalimu, maana kwa kauli yake mwenyewe jambo lake halikuwa na aliyelitangulia. Mwanagenzi wa leo ana waliomtangulia, hai na wafu, na orodha ya majina yao iko mbele yake. Akishaisoma, akishapiga hodi, akishalipa haki ya mkulima na kuikagua pini ya mwavuli wake mara mbili, na bado upepo ukawa si wake, ngazi aliyopandia iko pale pale. Na yeyote aliyesimama karibu naye ana wajibu wa kumwonyesha.